Moyo wa Mtoto Utazamwe, Usisikilizwe Tu

Akina mama, na nyinyi akina baba mliokuja, asanteni kwa kujaa ukumbini hapa Nyalenda siku ya kazi.

Kliniki muuguzi hukuwekea kifaa tumboni, akasikiliza, akahesabu. Mapigo yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, anaandika kwenye kijitabu, nawe unarudi nyumbani umetulia. Vizuri. Lakini moyo wenye tundu, hata uliopungukiwa chumba, unaweza kupiga 140 sawasawa kabisa. Kwa hiyo nawaomba: moyo wa mtoto utazamwe.

Wakati mzuri ni wiki ya 18 hadi 22. Anayepiga skani hukikata kifua cha mtoto kwa picha, kama mtu anayekata mkate, akatafuta vyumba vinne, ukuta wa katikati, na vali mbili, yaani vilango vya damu, zikifunguka na kufunga. Asiishie hapo. Apandishe kifaa kidogo aone mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni: ni lazima ipishane. Ikienda sambamba, huenda imebadilishana mahali, na hilo ni jambo zito.

Mtoto huyo tumboni hana shida. Kondo la nyuma linampa oksijeni, na sehemu kubwa ya damu inapita njia za mkato bila kufika mapafuni. Akizaliwa, njia hizo huanza kujifunga, ndipo midomo inageuka rangi ya samawati, pengine mama ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Ipo dawa ya kuiweka wazi njia moja mpaka upasuaji ufanyike. Sasa fikiria tofauti ya kujifungua dawa ikiwa tayari, na ya kukimbizwa Nairobi usiku na kichanga.

Karibu mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Ukiwa na kisukari tangu kabla ya mimba, au ulipata rubela miezi ya mwanzo, au kwenu kuna aliyezaliwa hivyo, omba kuonana na mtaalamu wa moyo wa watoto walio tumboni. Anayetumia dawa za kifafa pia, ila usiziache bila daktari. Hata hivyo wengi wa watoto hawa mama zao hawana lolote kati ya hayo, basi wakwe zangu, msimtafutie mke makosa.

Siku ya skani uliza hivi: “Umeona vyumba vinne? Umeona mishipa ikipishana?” Akisema hakuona vizuri, panga siku ya kurudia kabla hujaondoka.