Fanksheni ya vipande: anza na sharti

Karibu. Chukua penseli, rula na karatasi ya grafu, tufanye pamoja. Tazama hapa ubaoni:

f(x) = x + 5, ikiwa x < −1
f(x) = x², ikiwa −1 ≤ x ≤ 2
f(x) = 6 − x, ikiwa x > 2

Usidhani hizi ni fanksheni tatu. Ni moja tu, ila kila kanuni imepewa eneo lake kwenye mhimili wa x. Eneo hilo linatajwa na sharti lililo upande wa kulia, kwa hiyo jicho lako lianzie huko.

Tutafute f(−3). Usikokotoe bado! Jiulize kwanza: −3 iko eneo gani? Ni ndogo kuliko −1, basi kanuni ni ya kwanza: −3 + 5 = 2. Nyingine usiziguse. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo mwanafunzi ameingiza namba kwenye kanuni zote, akapata 2, 9 na 9, akabaki hajui aandike lipi. Kwa f(5), kanuni ni ya tatu: 6 − 5 = 1.

Sasa f(−1), mpakani kabisa. Hapa ndipo watu wanapopoteza maksi. Alama < haiichukui −1. Alama ≤ inaichukua. Kwa hiyo ni kanuni ya pili: (−1)² = 1. Mabano hayo usiyasahau.

Tuchore. Piga mistari hafifu ya wima kwenye x = −1 na x = 2, upate sehemu tatu.

Kushoto, pitisha mstari kwenye (−3, 2) na (−2, 3) hadi (−1, 4). Pale weka kiduara kitupu: grafu inafika mlangoni, haiingii.

Katikati, weka rula kando, maana huu ni mkunjo. Anza na kitone kilichojazwa kwenye (−1, 1), shuka hadi (0, 0), kisha panda kupitia (1, 1) hadi kitone kingine kilichojazwa kwenye (2, 4).

Kulia, 6 − x ingeanza na kiduara kitupu kwenye (2, 4), lakini kitone cha katikati kimeshakijaza. Vipande vimeungana! Endelea kushuka kupitia (5, 1), umalizie kwa mshale.

Hakiki sasa. Simamisha rula wima kwenye x = −1. Inapita kwenye kiduara kitupu na kwenye kitone. Kinachohesabiwa ni kitone peke yake. Ukiona vitone viwili vilivyojazwa hapo, rudi usome alama zako upya.