Kipimajoto cha chupa ya sukre

Jambo sana, ndugu zangu. Niko hapa Bukavu, barazani kwetu, na leo tunatengeneza kipimajoto kwa vitu vya nyumbani.

Tafuta chupa ya kioo ya sukre. Ya plastiki hapana: ukiishika inabonyea, maji yanapanda kwa sababu ya vidole vyako na wewe unadhani ni joto. Tia maji hadi robo tatu, kisha rangi. Mimi nimetumia maji mekundu ya bitiruti. Wengi wanaongeza alkoli ya famasia. Hapa hatuihitaji, kwa kuwa kinachosukuma maji ni hewa iliyobaki juu yake. Tena baadaye tutapuliza kwa mdomo, na alkoli si kitu cha kumkaribishia mtoto mdomoni.

Ingiza mrija mrefu uzame ndani ya maji bila kugusa chini. Sasa mdomo wa chupa. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Chukua kipande cha buji, kiloweke kwenye maji ya moto mpaka nta iwe laini, uifinyange kuzunguka mrija pande zote. Ikibaki nafasi ndogo tu kama ya sindano, hewa itatoroka na maji hayatapanda kamwe.

Nta ikishakauka, puliza taratibu kwenye mrija. Unaona maputo yale? Ni hewa inaongezeka ndani. Toa mdomo, rudisha uso nyuma. Maji yamepanda, yamesimama juu ya nta. Kama yanashuka polepole, rudia kuziba.

Zungushia chupa viganja vyako viwili, bila kukaza. Ngoja... ngoja kidogo. Angalia ule mstari mwekundu! Hewa imepata joto, imetanuka, imekosa pa kwenda. Mimi kila nikiuona napata furaha ileile.

Bandika karatasi nyuma ya mrija kwa skochi. Ukimpata jirani mwenye kipimajoto cha ukutani, viweke pamoja kivulini nusu saa, uandike namba yake mahali maji yalipofika. Fanya hivyo alfajiri, rudia saa nane mchana, halafu gawa nafasi ya katikati sawasawa. Usikiweke kwenye maji yanayochemka, yatamwagika juu. Na homa ya mtoto haipimwi kwa chupa hii.

Jambo moja lilinishangaza. Nilikiteremsha changu kutoka Kadutu hadi kando ya ziwa Kivu. Huko chini hakukuwa na baridi kuliko juu, lakini maji yalishuka karibu upana wa kidole. Ukiteremka mlima, hewa ya nje inakandamiza zaidi, nayo inayasukuma maji yarudi ndani ya chupa. Hata ukikaa palepale, mgandamizo huo hubadilika kidogo siku kwa siku. Kwa hiyo chora alama zako pale chupa itakapokaa, usiihamishe, na kila baada ya siku chache zilinganishe tena na kile cha jirani.