Kuimarisha Ndege ya Mfano Bila Kuizidishia Uzito

Ndugu wasikilizaji, bawa hili nililolishika ni la povu gumu la plastiki, na nikilikunja kidogo tu kwa vidole mtasikia likilia kabla halijavunjika. Ndege nyingi za mfano za bei nafuu zinazoongozwa kwa redio hujengwa kwa povu la namna hii, na anayeiunganisha kwa mara ya kwanza huuona wembamba wake, akaingiwa na hofu, akaizungushia utepe kuanzia puani hadi mkiani. Nami nilifanya hivyo. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa imara kama mlango, na kuruka kwake kukawa kwa mlango vilevile.

Kabla ya kubandika chochote, yafaa kujua mzigo unapita wapi. Hewani, mabawa hunyanyuliwa na hewa ilhali kiwiliwili kizito kinayavuta katikati kwenda chini, hivyo upande wa chini wa bawa hutanuliwa na wa juu hubanwa. Utepe wenye nyuzi za kioo hausaidii sana panapobanwa, lakini hautanuki kirahisi, ndiyo sababu ukanda mmoja uliobandikwa chini, ncha hadi ncha, hufaa kuliko kanda kadhaa za juu. Ufito wa kaboni, ukilazwa katika mfereji uliochanjwa pale bawa lilipo nene zaidi, hustahimili hali zote mbili. Anayedhani hayo yamezidi na apige hesabu: ndege ya gramu 700 ikikata kona huku imelala digrii 60 bila kushuka, mabawa yake hubeba gramu 1,400.

Gundi nayo ina mambo yake. Supaglu ya kawaida huyeyusha povu jeupe la vipunje, kwa hiyo ijaribuni kwanza kwenye kipande cha kutupa. Epoksi haina tatizo hilo, ila ni nzito. Mimi huiweka kwenye kishikizo cha mota na maungio ya mabawa, basi.

Mkiani ndiko wengi hukosea. Tuseme mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ikibebwa, na pua iko sentimita 20 mbele yake. Gramu 10 za gundi mkiani zitadai gramu 30 za risasi puani ili mizani irudi, na ndege imeongezeka gramu 40 kwa sababu ya tone moja. Kwa bawa la kawaida lililonyooka, kitovu hicho hukaa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wake, tukipima kutoka ukingo wa mbele. Ibebeni ndege kwa ncha za vidole viwili hapo, betri ikiwa ndani. Ikiinamisha pua kidogo, inatosha. Ikikataa, sogezeni betri kwanza.

Kisha propela ikiwa imevuliwa, washeni rimoti, ndipo muunganishe betri. Simameni nyuma ya ndege na kusukuma kijiti kulia: eleroni ya kulia, yaani kibao kinachocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, lazima ipande. Ndege yangu ya pili ilipinduka mara tu ilipotoka mkononi kwa kuwa nilikagua kama eleroni zinacheza, nisiangalie zinacheza kuelekea wapi.

Irusheni kuelekea upepo unakotoka, pua ikiwa sawa na upeo wa macho, na msiivute juu kwa pupa, maana bawa likikosa mwendo hupoteza unyanyuzi na kuanguka upande mmoja. Ikiwajia usoni, kulia na kushoto hubadilishana. Hapo sukumeni kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba mnaliwekea nguzo. Tueni mapema, betri ya lithiamu ingali na chaji ya akiba, kisha igeuzeni ndege na kupitisha kidole chini ya bawa, kuona kama utepe umeanza kubanduka.