Zimwi Nalo Lina Kesi

Wakubwa zangu shikamooni, na rika langu habari za jioni.

Wengi tuliomo humu filamu za Kichina tumezijulia kwenye mabanda ya video. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, Nairobi yupo DJ Afro, na sauti zao ndizo zilizotupasha nani anampiga nani na kwa kosa gani. Macho yakazoea kumfuata anayepiga. Leo naomba tumfuate anayepigwa, hasa akiwa zimwi.

Filamu nitakayokaa nayo zaidi ni Journey to the West: Conquering the Demons ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Stephen Chow wa Hong Kong pamoja na Derek Kwok. Inaanzia kijiji cha wavuvi, nyumba zimesimama juu ya nguzo majini. Baba mmoja anamchekesha binti yake: anajifanya amevutwa chini, anaibuka, anajifanya tena. Mara ya mwisho hajifanyi. Anaitwa mtaalamu mwenye maneno mengi, anarusha baruti majini na kuua taa mkubwa, yule samaki bapa. Watu wanashangilia na kurudi majini. Kijana mmoja mwenye nywele timutimu anapiga kelele kwamba siye huyo, tokeni! Wao wanamfunga kamba wakamning'iniza. Haupiti muda, zimwi lenyewe linafika, na hapo Chow hana huruma na mtazamaji: anayeliwa si askari wala jambazi, ni yule mtoto na mama yake.

Kijana huyo ndiye Xuanzang. China iliwahi kuwa na mtawa wa kweli mwenye jina hilo, aliyekwenda India kutafuta maandiko ya Kibuddha na kurejea Chang'an, mji mkuu wa China wakati huo, mwaka 645. Katika karne ya 16 safari yake ikageuka riwaya ya sura 100, ndani yake mna Sun Wukong mfalme wa nyani, mna nguruwe mlafi, na mazimwi ya kila namna njiani. Chow anatupeleka nyuma ya safari hiyo, Xuanzang akiwa bado mwinda mazimwi, tena mwindaji asiye na silaha. Alichonacho ni kitabu cha nyimbo 300 za watoto. Zimwi linakwamishwa nchi kavu, linageuka umbo la mtu, na yeye anafungua kitabu analiimbia. Linampa kipigo cha mbwa mwizi.

Chekeni tu, hata mimi nilicheka.

Ila sikilizeni kwa nini anaimba. Zimwi lile lilikuwa mtu. Alimwokoa mtoto aliyekuwa anazama, wanakijiji wakamdhania mwizi wa watoto, wakampiga mpaka akafa, maiti wakaitupa majini ikaliwa na samaki. Hasira yake ndiyo iliyoota mapezi. Sisi tunaoishi mitaa ambako aliyepigiwa kelele za mwizi hafiki salama kituo cha polisi, hadithi hii tunaielewa bila mkalimani. Wanaoliwa ndio walioua. Na la pili, zimwi nguruwe lenye hoteli inayowachoma wageni kama mishikaki, nalo lilikuwa mume mwenye sura mbaya aliyempenda mkewe. Mke na hawara yake walimuua kwa reki yenye meno tisa. Sasa linavaa uso wa kijana mzuri, uso unaong'aa kama sanamu iliyopakwa mafuta, na halimwachi hai mwanamke anayependa sura.

Hoja yangu ni hii: katika filamu bora za aina hii, mwindaji ni mpelelezi kabla ya kuwa mpiganaji. Swali kubwa si namna ya kuliua zimwi, ni nani aliyelitengeneza. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Xuanzang anageuza upande: anataka yeye ndiye alijue zimwi.

Chow hakulizua hilo. Kuna Pu Songling wa mkoa wa Shandong, aliyezaliwa 1640 na kufariki 1715, mwalimu wa watoto wa matajiri, aliyefeli mitihani ya utumishi wa serikali mara kwa mara mpaka uzeeni. Aliacha hadithi karibu 500 za mizimu na mbweha wanaojigeuza wanawake, na mara nyingi mbweha anamshinda hakimu kwa utu. Mojawapo ilizaa A Chinese Ghost Story ya mwaka 1987, ya Ching Siu-tung. Mzimu wa msichana unawanasa wanaume usiku, lakini kwa kulazimishwa na zimwi la mti lililoushikilia. Katika hadithi ya Pu, kinachomkomboa ni mtu kufukua mifupa yake na kwenda kuizika kwingine. Kazi ya sepetu, wala si ya upanga.

Tena kuna kisa cha zamani zaidi, kimo katika mkusanyo wa Gan Bao wa karne ya 4. Bwana mmoja, Song Dingbo, anakutana na mzimu usiku. Anaudanganya kuwa yeye pia ni mzimu, wanaafikiana kubebana kwa zamu. Mzimu unalalamika: mbona mzito? Anajibu kwamba amekufa juzijuzi tu, bado mgeni. Njiani anauliza, kwa upole kabisa, sisi mizimu tunaogopa nini? Unamwambia: mate ya watu. Wanafika sokoni, mzimu unageuka kondoo, Song anautemea mate usiweze kujibadili tena, anauuza kwa sarafu 1,500 na kwenda zake. Kisa hiki husimuliwa kusifu ujasiri wa Song. Mimi kila nikikisoma nauonea huruma mzimu. Katika safari nzima, mkweli alikuwa yeye.

Mtaniambia mbona kuna The Great Wall ya Zhang Yimou, mwaka 2016? Ndiyo, ipo. Humo mazimwi yaitwayo taotie yanavamia ukuta kila baada ya miaka 60, maelfu kwa maelfu. Tunadokezwa kuwa ni adhabu ya tamaa ya mfalme mmoja wa kale, halafu jambo hilo linaachwa, vinabaki mishale na milipuko. Malkia wao akifa, yamekwisha. Rangi za majeshi zinapendeza, lakini sikumbuki zimwi hata moja.

Monster Hunt ya Raman Hui, ya 2015, ni ya kitoto zaidi na bado inaishinda kwa akili. Mwanamume anabebeshwa mimba ya malkia wa mazimwi, anazaa kichanga chenye umbo la figili, na mazimwi yanayokamatwa hupelekwa mgahawani, mezani kwa matajiri. Uwindaji ni biashara, mnyororo mzima kuanzia mtego mpaka sahani. Iliingiza zaidi ya yuani bilioni 2.4 huko China, rekodi ya nchi wakati ule, mpaka Chow alipoivunja kwa The Mermaid mwaka uliofuata.

Nisimwache Chow apite bila kudaiwa, maana filamu yake ina deni. Anayeyakamata mazimwi kweli ni Duan, mwindaji mwanamke, aliyeigizwa na Shu Qi. Ana nguvu, ana vichekesho, na anampenda Xuanzang waziwazi huku yeye akijificha nyuma ya mapenzi makubwa kwa viumbe wote. Sun Wukong anamuua ili Xuanzang apate mwanga, na pete ya Duan inakuwa taji la kumdhibiti nyani. Mazimwi matatu, la majini, nguruwe na nyani huyo, wote wauaji, wanapewa nafasi ya kutubu na kazi ya kumsindikiza mtawa kwenda magharibi. Kesi ya zimwi la majini tumeisikiliza, ya nguruwe tumeisikiliza. Ya Duan haikufunguliwa hata jalada, na sijasikia maelezo ya kuniridhisha. Kama kuna aliye nayo humu ndani, kipaza sauti kile pale, tuanzie hapo maswali.