Kifungo Kikivunjika Hakitoi Kitu

Asanteni, kaeni. Walionisikia mwaka jana watanisamehe, narudia lilelile, maana na mwaka huu nimesahihisha mitihani na bado nakuta wameandika "kifungo cha kikemikali kikivunjika nishati inatoka". Jamani! Kifungo ni ule mvutano unaoshika atomu pamoja, kukivunja unalipa nishati, hulipwi.

Shida naijua, ni vile vijiti na mipira ya plastiki tunavyofundishia. Mtoto anavuta, kijiti kinachomoka tap!, basi anaona kuna kitu kilibanwa kimeachiwa. Ndani ya molekuli hamna kijiti. Chukua haidrojeni, atomu mbili, kila moja protoni moja na elektroni moja. Viini, yaani pale katikati penye protoni, vinasukumana maana vyote vina chaji chanya, elektroni nazo zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, ila kila kiini kinazivuta elektroni zote mbili, yake na ya jirani. Ni kama watu wawili na mwavuli mmoja mvua inanyesha: hawapendani hata kidogo, wanakanyagana viatu, lakini kila mtu anautaka mwavuli. Wakiachana mbali wanalowa, wakibanana sana wanaangushana, kwa hiyo wanatafuta umbali wao. Kwa haidrojeni umbali huo ni pikomita 74, yaani milimita moja uigawe vipande zaidi ya milioni 13, kipande kimoja ndo hicho. Hapo pametulia. Ukizisogeza ndani zaidi, msukumo unapanda ghafla. Ukitaka kuzitenganisha kabisa, kwa moli moja, yaani lile fungu la molekuli tunalohesabia sisi wa kemia, unatoa kilojuli 436 za nishati, na unatoa wewe, mfukoni mwako!

Najua kuna mtu pale nyuma anasema, sasa mbona gesi inawaka? Haya. Shemeji yangu kijijini ana mtambo wa biogesi, samadi ya ng'ombe wake, na biogesi sehemu kubwa ni methani, yaani kaboni moja iliyofungwa na haidrojeni nne. Siku moja tunataka chai, nimeshafungua koki, kiberiti hakionekani. Gesi inatoka ssss, oksijeni imejaa jiko zima, vitu vyote viwili vipo pamoja na sufuria imepoa vilevile. Nikamwambia shemeji ona, hapa ndo somo langu lote lilipo, akanijibu profesa funga kwanza hiyo koki utatulipua. Alikuwa sahihi, nikafunga, tukafungua madirisha.

Njiti ilipopatikana ndo ikalipa ile gharama ya kwanza. Kwa moli moja ya methani, kuvunja vifungo vyake na vya oksijeni inayohitajika ni kama kilojuli 2,650. Kaboni na haidrojeni zikishajifunga upya na oksijeni, zinarudisha kama 3,450. Ile 800 ya juu ndo imechemsha chai, na inatoka kwenye KUFUNGA, andikeni hivyo kwa herufi kubwa. Moto wenyewe unaendelea kulipia molekuli zinazofuata, ndo maana njiti moja inatosha.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka tuongee umbo la maji, haraka basi: methani pembe kati ya vifungo vyake ni digrii 109.5, maji ni 104.5, kwa sababu oksijeni ina jozi mbili za elektroni zisizofungwa na mtu, zinatanua viwiko na kuzibana haidrojeni pamoja. Barafu kuelea tuiache, mkinialika tena.

Swali? Eeh dada, sema... ATP, ile molekuli ya fosfati tatu inayobeba nishati ndani ya seli? Nilijua tu, kila mwaka lazima liulizwe! Vitabu vinaandika "kifungo chenye nishati nyingi", basi watu wanadhani humo ndani kuna baruti. Kile cha fosfati ya mwisho nacho kukivunja unalipa. Ila fosfati zile tatu zote zina chaji hasi, zimepangwa mstari mmoja zinasukumana, moja ikitoka zilizobaki zinapumua, alafu vifungo vipya vinavyofungwa na maji vinarudisha zaidi ya ulicholipa. Hesabu ni ileile ya chai ya shemeji. Mwingine?