Jambia la Röhm: Bapa, Chapa na Tarehe Zisizopatana

Asanteni kwa kufika. Majambia ya Wajerumani ya enzi za Nazi ni mengi: ya jeshi la nchi kavu, ya wanamaji, ya wanaanga, ya vikundi vya chama. Leo nachukua moja tu, jambia la SA, kile kikosi cha mgambo cha chama cha Nazi, na hasa lile lililoandikwa jina la Ernst Röhm, mkuu wa kikosi hicho. Nimelichagua kwa sababu ndilo linaloghushiwa sana, na kwa sababu lina historia yenye tarehe kali.

Kabla ya hapo niseme jambo moja waziwazi. SA ndio wale ambao Aprili 1933 walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi wakiwazuia wateja. Anayekusanya vitu vyao bila kukumbuka hilo, kwangu mimi hajui anachokishika. Sisi tunatunza ushahidi, na ushahidi wa uongo ni dhuluma kwa walioumizwa.

Twende Solingen. Ni mji wa magharibi mwa Ujerumani, karibu na mto Wupper, na kwa karne nyingi mafundi wake walinoa visu na panga katika vibanda vilivyoendeshwa na maji ya mto. Jina la mji huo lilikuwa na thamani kiasi kwamba mwaka 1938 lilitungiwa sheria ya kulilinda. Mwishoni mwa 1933, SA ilipoamua kuwa na jambia lake, kazi ilikwenda huko. Umbo lake lilifuata jambia la Uswisi la karne ya 16, lile linalohusishwa na mchoraji Holbein: mpini wa mti wa kahawia, vyuma vya nikeli juu na chini yake, na bapa lenye mgongo katikati. Upande wa mbele waliandika kwa asidi Alles für Deutschland, yaani yote kwa ajili ya Ujerumani.

Mapema 1934 Röhm akawatunukia wanachama wa muda mrefu majambia yenye maneno ya ziada upande wa nyuma: In herzlicher Freundschaft, kwa urafiki wa dhati, na chini yake jina lake. Tarehe 30 Juni 1934 Hitler akamkamata kule Bad Wiessee, na siku iliyofuata akapigwa risasi katika gereza la Stadelheim, Munich. Ikatoka amri maandishi yale yafutwe. Wengine walisaga jina peke yake, wengine sentensi nzima. Wachache hawakusaga kitu.

Hapo ndipo biashara ya ulaghai ilipopata mwanya. Bapa lenye maandishi kamili lina bei kubwa, basi mlaghai huchukua jambia halisi la kawaida na kuliandika upya nyuma. Unamnasaje?

Anzeni na tarehe. Maisha yote ya maandishi yale ni miezi michache ya 1934. Baadaye ofisi ya ununuzi ya chama, RZM, iliwapa watengenezaji namba, na mabapa yakaanza kupigwa chapa za mfano wa M7/66, ambayo ni ya Carl Eickhorn, mara nyingi pamoja na mwaka. Mkiona jina la Röhm na chapa ya M7 yenye 37 juu ya bapa moja, wekeni chini. Mwaka 1937 Röhm alikuwa kaburini, na hakuna fundi wa Solingen ambaye angethubutu kuliandika jina lake. Jambia la 1934 litakuwa na alama ya kiwanda chenyewe. Ya Eickhorn, kwa mfano, ni kindi.

Kisha vyuma. Vya mwanzo ni aloi nzito ya nikeli, ambayo ni ileile mpaka ndani. Miaka ilivyosonga wakatumia zinki iliyopakwa nikeli, na ikizeeka hufanya vipele na kubanduka. Bapa la 1934 ndani ya vyuma vya zinki limeunganishwa na mtu. Ni kama mashahidi wawili wanaotoa tarehe tofauti mahakamani: hata kama kila mmoja ni mtu wa kweli, kesi imeharibika.

Sasa bapa lenyewe, na hapa naomba mtulie. Fundi wa Solingen alimaliza kazi kwa gurudumu lililoacha mistari myembamba sana inayokatiza bapa kutoka makali hadi makali. Chukua lenzi, uinamishe bapa kwenye mwanga. Mistari ile ifike ukingoni mwa kila herufi na kukatika hapo. Ikiwa sehemu ya maandishi inang'aa kama kioo wakati pembeni mistari ipo, kuna mkono umepita. Kwenye bapa lililosagwa kwa amri ya 1934 mtaona kinyume chake: mikwaruzo isiyo na mpangilio, na mara nyingine kivuli cha herufi kilichobaki. Mimi binafsi nalipenda zaidi hili lililosagwa. Linaonyesha hofu ya Julai 1934 juu ya chuma.

Ndugu mmoja hapa mbele ameuliza kama vyeti vinavyouzwa pamoja na jambia vinathibitisha uhalisi wake. Ni kweli, wanajeshi wengi wa Marekani walirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia na karatasi za ruhusa ya kubeba nyara. Lakini karatasi hiyo kwa kawaida huandika "jambia moja" tu, bila alama ya kiwanda. Inaweza kuwekwa pamoja na jambia lolote, kwa hiyo isomeni baada ya kumaliza kukagua bapa, na msikubali bei ipande kwa sababu yake peke yake.