Cheti cha Uraia na Waliokihangaikia

Hotuba katika hafla ya kukabidhi vyeti vya uraia na kuwatunuku wanaojitolea, Kwale

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wa vijiji, machifu, mashekhe na wachungaji, mama zangu na baba zangu, na nyinyi hasa mliokaa safu za mbele mkisubiri kuitwa majina: asalaam alaikum, na hamjambo nyote.

Kwenye ratiba ya leo kuna vyeti kwanza, kisha tuzo za wanaojitolea. Mimi nayaona hayo kuwa jambo moja, na nitaeleza kwa nini.

Vijana wengi hapa hawakuikuta historia hii, kwa hiyo niwakumbushe. Wamakonde walitoka kaskazini mwa Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, mengine yakiwa hapahapa Kwale. Wakazaa hapa, wakazika hapa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 wao hawakuandikwa popote, na wana wao wakakua bila kipande, na wajukuu vilevile. Oktoba 2016 wakaondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kuonana na Rais. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na mapema mwaka 2017 wakaanza kuvipokea, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kueneza dini, walipata vyeti vyao mwaka 2021. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa pwani yetu hii, chini ya Rais William Ruto.

Historia hiyo husimuliwa kwa majina ya marais, na ni haki yao, maana saini ni zao. Lakini saini hutiwa mwisho. Nani aliyeandaa karatasi zilizotiwa saini?

Nyinyi mnaopokea vyeti leo mnajua maisha bila kitambulisho yalivyo. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la jirani, kwa hiyo hata pesa unazotumiwa kwa M-Pesa zinapita kwa mtu mwingine. Huna akaunti ya benki. Shamba ulilolilima tangu utotoni huwezi kuliandikisha kwa jina lako. Siku ya kura unabaki nyumbani. Ukikutana na askari njiani, moyo unadunda na hujaiba kitu. Na lililo zito kuliko yote: mama asiye na karatasi anahangaika kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na mtoto asiye na cheti hicho anakwama anapotakiwa kusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Nimewaona wazazi wakilia kwa jambo hili, watu wazima ambao hawakulia msibani.

Sasa fikirieni mtu anayeingia nyumba kama hiyo na daftari mkononi. Haendeshi gari la serikali, wala hana mshahara. Anamkuta mzee asiyejua mwaka aliozaliwa, kwa hiyo anamuuliza taratibu: siku ya Uhuru ulikuwa umebaleghe? Ulikuwa umeoa? Mwanao wa kwanza ulimpata shamba gani? Kwa maswali ya namna hiyo mwaka unakaribiwa. Kisha watafutwe mashahidi wanaomfahamu mzee tangu ujana, na mmoja wao amehamia Likoni, ni mgonjwa. Kiandikwe kiapo mbele ya wakili. Itafutwe barua ya chifu. Zitolewe kopi, na kila kopi ni pesa. Halafu safari ya ofisini, ambako huenda wakaambiwa jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti katika karatasi mbili, warudi wiki ijayo. Wanarudi wiki ijayo. Nauli ya mzee imetoka mfukoni mwa huyo mwenye daftari.

Na haya yalifanyika huku muda ukiyoyoma. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na utaifa walioishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, lakini iliweka kikomo cha kutuma maombi: miaka mitano, na nafasi ya kuiongeza kwa mitatu. Sheria ikiwa kwenye makabati ya Nairobi, aliye Gazi au Vanga ataijuaje? Aliambiwa na mtu wa kujitolea, chini ya mwembe, kwa lugha anayoielewa. Kama mtu huyo asingefika, mlango ungefungwa na mwenyewe asijue kwamba uliwahi kufunguliwa.

Kwa hiyo naunga mkono tuzo hizi kwa moyo wote, ila nina neno kwa viongozi wetu waliopo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria walio vijijini. Kutambuliwa hakulipi nauli. Wahudumu wa afya wa jamii nao walitembea miaka mingi bila chochote, hadi mwaka 2023 walipotumwa takriban 100,000 nchi nzima wakiwa na mikoba ya vifaa na ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Posho hiyo ni ndogo, na bado imeonyesha kwamba kazi ya kujitolea inaweza kuwekwa kwenye bajeti. Naomba kaunti ifikirie vivyo hivyo kuhusu hawa wanaotafutia watu karatasi. Ngao ya ukutani ni heshima, lakini nauli ndiyo inayomfikisha Kinango kesho asubuhi.

Jingine, na hili ni la wananchi wote. Kila Jamhuri tunasikia kwenye redio majina ya waliopewa nishani na Rais. Sheria ya Nishani za Taifa ya mwaka 2013 inampa mwananchi wa kawaida nafasi ya kupendekeza jina. Msiwaachie wakubwa wapendekezane wao kwa wao. Mkunga aliyewazalisha wake zenu usiku bila malipo, kijana aliyewajazia fomu, waandikeni.

Kwenu raia wapya: haki zenu sasa karibu zote ni zilezile za jirani yenu; mojawapo msiyo nayo ni kugombea urais, ambako Katiba inataka raia wa kuzaliwa. Na mtoto atakayezaliwa kwenu kuanzia leo ni raia wa kuzaliwa, kwa Kifungu cha 14, hata kama ni mzazi mmoja tu aliye raia. Lakini haki hiyo inahitaji karatasi. Mkijifungulia nyumbani, mjulisheni naibu wa chifu mapema, kabla ya miezi sita kupita, maana baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, na mlolongo wa mashahidi mnaujua wenyewe.

Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Ratiba inasema wanaojitolea wataitwa baada ya vyeti, kwa pamoja, kama kikundi. Naomba tuanze nao, na kila mmoja aitwe kwa jina lake kamili na jina la kijiji alichokihudumia. Kisha wabaki hapa mbele, ili kila raia mpya apokee cheti chake kwa mkono wa yule aliyekihangaikia. Daftari zao ninazo hapa. Karibu uzichukue.